LAFUDHI ZA KIINGEREZA NA HAIBA YAKE: USHAHIDI WA MANENO YA MKOPO NA MTAZAMO KUTOKA BUIGIRI

1.0 Utangulizi

Mijadala kuhusu Kiingereza nchini Tanzania imejikita zaidi katika swali la lugha ya kufundishia. Swali hilo ni zito na limekwisha kuandikiwa mengi. Makala haya yanashughulikia jambo ambalo kwa kawaida huachwa pembeni, nalo ni kwamba Kiingereza chenyewe si sauti moja. Mwanafunzi wa Kitanzania anapoambiwa kuwa "lafudhi yake si ya Kiingereza", hana budi kuuliza: Kiingereza cha nani, cha wapi, na cha mwaka gani? Tutajaribu kuonyesha kuwa Kiswahili kinalo jibu la sehemu ya swali hilo, kwa sababu maneno tuliyoyakopa yamehifadhi lafudhi ya vinywa yalimotoka. Kisha tutauliza haiba ya lafudhi inakaa wapi, ikiwa ni katika sauti au katika sikio la anayesikiliza.

Kabla ya kuendelea, ni vyema kutenganisha istilahi mbili ambazo hata wanaisimu huzichanganya. Lahaja hutofautiana na nyingine katika msamiati, sarufi na matamshi. Kwa maana hii Kimvita, Kiamu na Kimakunduchi ni lahaja. Lafudhi ni tofauti ya matamshi peke yake. Mgogo anayesema Kiswahili sanifu bila kosa la sarufi, lakini ukatambua kwa sauti kuwa ni mtu wa Ugogo, hana lahaja nyingine, ana lafudhi. Vivyo hivyo, mtu wa Edinburgh anayesoma habari kwa Kiingereza sanifu huku akitamka kila "r" iliyoandikwa anatumia lugha ileile ya mtu wa London kwa lafudhi nyingine.

Buigiri ni kata katika Wilaya ya Chamwino, kando ya barabara kuu itokayo Dodoma kwenda Morogoro. Tumeichagua kwa sababu mbili. Kwanza, ipo katika eneo ambalo watu wengi walisikia Kiingereza kwa mara ya kwanza kutoka kwa Waaustralia, si kwa Waingereza wa Uingereza. Pili, hapo ndipo Kanisa la Anglikana lilipofungua shule ya wasioona mwaka 1950, shule ya kwanza ya aina hiyo nchini. Katika shule kama hiyo sauti ya msemaji hubeba kazi ambayo kwingineko hugawana na uso na mavazi yake.

2.0 Maneno ya mkopo kama ushahidi

2.1 Sauti "r"

Tuanze na "r", kwa kuwa ndiyo inayogawa lafudhi za Kiingereza duniani kwa uwazi zaidi. Waskoti, Waairishi na Wamarekani walio wengi huitamka "r" popote inapoandikwa. Kusini mwa Uingereza ilipotea baada ya irabu. Kamusi ya matamshi ya John Walker ya mwaka 1791 tayari inataja udhaifu wake katika usemi wa London. Australia na New Zealand, zilizopata walowezi wao wengi baada ya hapo, kwa jumla hazina "r" hiyo.

Sasa tutazame maneno yetu: motokaa, baa, kadi, tochi, fomu, ripoti, pasipoti, shati, sketi, jezi, nesi, trekta, jenereta. Hakuna hata moja lililobaki na "r" ile ya baada ya irabu. Mtu anaweza kudai kuwa Kiswahili ndicho kilichoikataa, kwa kuwa silabi zetu hupenda kuishia na irabu. Dai hilo halitoshi. Lugha iliyo na sukari, tayari na gari ingeweza kabisa kusema "trektari" na "motokari". Tena tunalo neno moja linalomaliza ubishi. Kiswahili kina daktari na kina dokta, na yote mawili asili yake ni neno lilelile la Kiingereza. La kwanza lina "a" katika silabi ya mwanzo na "r" mwishoni, kama linavyotamkwa katika lugha za India. La pili lina "o" na halina "r", kama alivyolitamka Mwingereza wa kusini. Njia mbili za kuingia zimeacha nyayo mbili, na zote zinasomeka. Korti na sarakasi, zenye "r" zao kamili, ziko upande wa daktari.

Kupotea kwa "r" kumetuachia pia homonimu za kuchekesha. Bodi ya wakurugenzi na bodi ya gari ni maneno mawili yaliyo mbali kabisa katika Kiingereza. Mskoti angetuletea la kwanza likiwa na "r" yake, na leo tungekuwa tunayatofautisha.

2.2 Irabu

Kiswahili kina irabu tano, na lafudhi ya kusini mwa Uingereza huhesabiwa kuwa na takribani ishirini, zikijumlishwa na zile za mwungano. Kwa hiyo kila neno lililokopwa lililazimika kuchagua. Uchaguzi huo haukuwa wa kubahatisha.

Chukua irabu ya neno la Kiingereza "bus". Kaskazini mwa Uingereza, kuanzia miji ya kati kwenda juu, hutamkwa kwa sauti ya karibu na "u". Kusini ni karibu na "a". Sisi tunasema basi, klabu, pampu, pancha, jaji, brashi, bajeti, raba, balbu. Hakuna "busi" wala "klubu". Walikuwapo watu wa Yorkshire na Lancashire katika utumishi wa kikoloni na katika mradi wa karanga wa Kongwa ulioanza mwaka 1947 na kuachwa mwaka 1951, lakini irabu yao haikupata mahali pa kukaa.

Chukua irabu ya "box". Mmarekani huifungulia kinywa hata ikasikika kama "a". Sisi tunasema boksi, soksi, bosi, kopi, roketi. Msamiati nao unatoa ushahidi uleule: tuna lori, tochi, petroli na lifti, ambayo ni maneno ya Kiingereza cha Uingereza, Marekani kila kimoja cha vitu hivyo kina jina jingine. Hapa tumetoka kwenye lafudhi na kuingia kwenye lahaja.

Lakini irabu yenye utajiri mkubwa kuliko zote ni ile ya neno la Kiingereza "bank". Kijana anayejifunza leo kwa kusikiliza redio ya London husikia sauti iliyo karibu sana na "a" yetu. Kwa nini basi tunasema benki? Na si benki tu. Tuna begi, bendi, betri, bendeji, gesi, jeki, mechi, meneja, teksi, trekta. Yote yana "e" mahali ambapo sikio la leo lingetarajia "a", na Kiswahili kina "a" safi ambayo ingefaa. Sababu ni kwamba katika nusu ya kwanza ya karne ya ishirini watu waliohesabiwa kuwa wasemaji bora wa Uingereza waliitamka irabu hiyo juu zaidi, karibu na "e", na baadaye ikashuka. Jonathan Harrington na wenzake wa Chuo Kikuu cha Macquarie, Australia, walipopima irabu za Malkia Elizabeth wa Pili katika hotuba zake za Krismasi, utafiti uliochapishwa mwaka 2000, walionyesha kuwa hata yeye mwenyewe alibadilika kati ya miaka ya 1950 na ya 1980, akisogea kuelekea matamshi ya raia zake. Malkia aliiacha lafudhi ya malkia. Fundi wa gari wa Dodoma anayeomba jeki bado anayo sehemu yake.

Hapana budi kuongeza kuwa makarani, mafundi na wenye maduka wa Kihindi walikuwa daraja jingine, na Kigujarati nacho huitamka benki kwa sauti iliyo karibu na "e". Njia hizi mbili zinaelekea mahali pamoja, na kwa neno mojamoja si rahisi kuzitenga. Tena yako maneno yanayokwenda kinyume: tanki, ambalo lina jamaa katika Kireno na Kigujarati, kamera, lenye sura ya neno lililoingia kwa maandishi, na kabichi na blanketi, ambayo hayatii kanuni yoyote kati ya hizi. Hata hivyo mwelekeo ni dhahiri. Maneno ya gereji, ya kaunta na ya uwanja wa mpira, yaani yale yaliyopita katika kinywa kabla ya kupita katika kitabu, kwa sehemu kubwa yana "e".

Tofauti kama hii ipo pia kati ya Bara na Visiwani. Bara tunasema shule, kutoka Kijerumani. Zanzibar, ambayo haikutawaliwa na Wajerumani, husema skuli, kutoka Kiingereza. Neno moja linatosha kumwonyesha msomaji bendera iliyokuwa ikipepea.

3.0 Waaustralia katika Ugogo

Mwaka 1927 Mwaustralia George Alexander Chambers aliwekwa wakfu kuwa askofu wa kwanza wa Dayosisi ya Central Tanganyika, na tangu hapo tawi la Australia la chama cha misioni cha CMS ndilo lililobeba kazi ya Waanglikana katika Ugogo. Maaskofu Waaustralia walifuatana hadi mwaka 1971, Alfred Stanway alipomwachia kiti Yohana Madinda. Kwa zaidi ya miaka arobaini, basi, Mzungu aliyekuwa akifundisha darasani au akitoa dawa zahanatini katika vijiji hivi alikuwa mara nyingi mtu wa Sydney au wa Melbourne.

Lafudhi ya Australia hujulikana zaidi kwa irabu ya neno "day". Wenyeji huianza chini sana, hata ikasikika karibu na "dai". Waingereza wana mzaha wa zamani kwamba Mwaustralia akisema anakuja leo, unaweza kudhani anakuja kufa. Kama lafudhi huambukiza kwa kusikika tu, Ugogo ungekuwa na "kaiki" na "traini". Haupo. Buigiri husema keki, treni na stesheni kama Tanga na Kigoma.

Kukosekana huku kwa alama kunafundisha kuliko ambavyo alama yenyewe ingefundisha. Reli ya Kati ilipita Dodoma wakati wa Wajerumani, na maneno yake ya Kiingereza yalienea pamoja na wafanyakazi wa reli wa kila kabila na kila taifa, si kwa mapadri. Zaidi ya hayo, wamisionari walijifunza Kigogo na Kiswahili. Kwa hiyo mara nyingi Mgogo aliisikia lafudhi ya Australia ndani ya Kigogo, si ndani ya Kiingereza. Na mwalimu aliyemfundisha mtoto Kiingereza siku kwa siku alikuwa Mwafrika, aliyefundishwa na Mwafrika mwenzake. Lafudhi huenea kwa wingi wa vinywa na kwa uzito wa jamii inayoitumia. Mtu mmoja mwenye kuheshimiwa hatoshi.

Ingependeza kudai kuwa nesi, lenye "e" yake, limetokana na wauguzi Waaustralia wa hospitali ya Mvumi, kwa kuwa irabu hiyo Australia hutamkwa mbele zaidi kuliko London. Tumeshawahi kusikia dai la namna hiyo likitolewa kwa furaha. Halisimami: neno hilo lipo pwani, na jezi na sketi zina irabu ileile bila kupita Mvumi. Hiyo "e" ni ya Watanzania kwa jumla. Mtanzania akitamka "work", "girl" au "first" huelekea kwenye "e", ambapo Mkenya huelekea kwenye "a". Mpaka huu hauna mto wala mlima, na watu wa pande zote mbili wana lugha za Kibantu zenye irabu zinazofanana. Bado masikio yanautambua mara moja. Shati peke yake, lenye "a", limekaa upande wa Kenya hali likivaliwa hapa.

Kongwa, wilaya iliyo jirani, iliongeza sauti nyingine. Kuanzia mwaka 1964 kambi yake ilipokea wapiganaji wa ANC ya Afrika Kusini, na wa SWAPO na FRELIMO pia. Hivyo katika eneo linaloitwa "la ndani", ambalo wengi huliona kuwa mbali na dunia, kulisikika ndani ya miaka ishirini Kiingereza cha askari wastaafu wa Uingereza, cha wachungaji wa Australia, na cha wakimbizi wa Johannesburg.

4.0 Haiba inakaa wapi?

Wasemaji hawakosi kuwa na maoni kuhusu lafudhi ipi ni tamu na ipi inakera. Maoni hayo husemwa kana kwamba ni sifa za sauti zenyewe. Utafiti hauungi mkono.

Mwaka 1962 William Labov alizunguka katika maduka makubwa matatu ya New York, la matajiri, la watu wa kati na la watu wa kipato cha chini, akiuliza kitu ambacho jibu lake lilikuwa "ghorofa ya nne", maneno ambayo kwa Kiingereza yana "r" mbili. Wauzaji wa duka la matajiri walizitamka "r" hizo zaidi ya wengine, na wa duka la chini walizitamka kidogo mno. Kwa maneno mengine, "r" ambayo kwa mwungwana wa London ni dalili ya ushamba, kwa mwungwana wa New York ni dalili ya elimu. Sauti ni ileile. Hukumu zimegeuzwa kichwa chini.

Howard Giles naye, mwaka 1970, aliwasikilizisha vijana wa Uingereza lafudhi mbalimbali zilizotolewa na msemaji mmoja, wao wakidhani ni watu tofauti. Lafudhi ya tabaka la juu la kusini iliwekwa juu kabisa, na ya Birmingham, mji wa viwanda, ikawa chini. Baadaye Peter Trudgill na Giles waliwasikilizisha Wamarekani na Wakanada lafudhi za Uingereza, na mpangilio ule haukujitokeza. Asiyejua kuwa Birmingham ina moshi na viwanda hausikii ubaya wake. Hapa ndipo tunapoona kuwa haiba ya lafudhi ni habari kuhusu watu, iliyovaa vazi la sauti.

Hili halina maana kwamba haiba ni ya uongo. Lafudhi inapendeza kwa sababu inatuambia kuwa mtu ametoka mahali fulani, na mahali hapo panaweza kupendwa. Lakini upendo huo hugawanywa kwa upendeleo. Lafudhi ambayo Daniel Jones aliifanya msingi wa kamusi yake ya matamshi ya mwaka 1917 ilikuwa, kwa maelezo yake mwenyewe, ya jamaa za kusini ambao wanaume wao walisoma katika shule za bweni za gharama. Trudgill alikadiria katika miaka ya 1970 kuwa waliokuwa nayo hawakuzidi asilimia 3 ya watu wa Uingereza. Mwaka 1941 BBC ilimpa Wilfred Pickles wa Yorkshire kazi ya kusoma habari za taifa kwa lafudhi yake, na wako wasikilizaji waliolalamika. Habari za vita katika sauti ya mtu wa kawaida ziliwaonekea kuwa na uzito mdogo. Mwanafunzi wetu anayeambiwa "sema kama Mwingereza" anaagizwa kuwa kama asilimia 3 ya Waingereza.

Dodoma yenyewe inatupatia kipimo cha upendeleo huo. Kigogo kina nazali zisizo ghuna, ziandikwazo mh, nh na ng'h, ambazo hutamkwa kwa pumzi itokayo puani. Zimo katika Mhamvwa, jina ambalo wageni waliligeuza kuwa Mpwapwa, na zimo katika Ng'hong'onha, kata iliyo jirani na Chuo Kikuu cha Dodoma kilichoanzishwa mwaka 2007. Wahadhiri, wanafunzi na watumishi waliohamia makao makuu hulitamka jina hilo la pili kila siku bila pumzi hiyo. Hakuna anayewacheka, na hakuna anayesema kuwa wana "athari ya lugha mama". Lakini mtoto wa Ng'hong'onha akikosea irabu moja ya Kiingereza, darasa zima litacheka, na pengine mwalimu pamoja nalo.

5.0 Darasani

Kicheko hicho kina gharama. Mtoto hutoka katika elimu ya msingi kwa Kiswahili na kukutana na Kiingereza katika kila somo la kidato cha kwanza. Akichekwa mara mbili, hunyamaza; na mwanafunzi aliyenyamaza mwalimu hajui kama hakuelewa fizikia au aliogopa irabu.

Wako wenzetu wanaojibu kuwa basi matamshi yaachwe yajiendee. Hatukubaliani nao. Watanzania wengi hutamka "live" na "leave" sawasawa, na mtu akimwambia mwajiri wake wa kigeni kuwa anataka kufanya mojawapo ya mambo hayo mawili, tofauti kati ya kukaa na kuondoka si ya mapambo. Mwalimu afundishe tofauti kama hizo, zinazobeba maana katika maneno mengi, na azifundishe kwa bidii. Kwa upande mwingine, "r" iliyotamkwa au iliyoachwa, "e" ya Tanzania katika "work", na mdundo wetu wa kuipa kila silabi haki yake havimpotezi msikilizaji. Mdundo huo hata humsaidia msikilizaji ambaye naye Kiingereza si lugha yake ya kwanza, na wasikilizaji wa namna hiyo ndio walio wengi duniani leo.

Kwa wanafunzi wa uzamili wanaotafuta mada, Buigiri inastahili kufikiriwa. Wanaoona hupokea maneno mengi ya Kiingereza kutoka ubaoni, na ndiyo maana tunasikia "b" katika "debt" na "t" katika "listen". Asiyeona hupata herufi hizohizo kwa kidole, maana breli huandika herufi wala haiandiki sauti. Lakini huenda uzito ambao sikio lake linalipa neno la mwalimu ukawa tofauti, na hilo linaweza kupimwa kwa kulinganisha maneno kama hayo katika vikundi viwili vya darasa moja. La pili ni hukumu kuhusu lafudhi. Majaribio ya Giles yalilazimika kuwaficha wasikilizaji uso wa msemaji. Hapa hakuna haja ya pazia. Ziandaliwe sauti tano zinazosoma kifungu kimoja: ya London, ya Sydney, ya Nairobi, ya Johannesburg, na ya tano iwe ya Mgogo aliyesoma. Kisha wasikilizaji waulizwe mambo mawili kwa nyakati tofauti, yupi walimpenda na yupi walimwelewa, na majibu ya swali la kwanza yasijumlishwe na ya la pili.